Kidole Gumba

Jumamosi alfajiri, ukungu ungali umeulalia mji wa Aizawl,
natundika nusu ya nguruwe kwenye kulabu,
mbavu huku, mafuta kule, ini peke yake kwenye sinia.
Nafuta mizani kwa kitambaa cha chumvi,
na kabla mteja wa kwanza hajanisalimu
kidole kimekwisha kaa mahali pake.

Sikukituma.
Miaka kumi na tisa hakijangoja kutumwa.
Kinaujua ukingo wa kitanga cha mizani
kama ulimi unavyolijua pengo la jino.
Gramu hamsini. Sitini, mteja akiwa na haraka.
Kwa mjane Thangzuali, thelathini,
na tofauti ile niliiita huruma.

Nimeungama, msidhani sikuungama.
Mwaka ule wa maporomoko, ngoma ya kanisa ikidunda
hata vioo vya madirisha vikaitikia,
nililia kilio cha kweli.
Hmingliani alinipa leso yake, ninayo mpaka leo.
Jumamosi iliyofuata nilipima haki. Ya pili, haki.
Ya tatu mvua ikanyesha, wateja wakaadimika,
karo ya Rema ikadaiwa,
na kidole kikarudi kama paka aliyetupwa ng'ambo ya mto:
mkavu, hana haya, anaujua mlango.

Nikakifunga bendeji.
"Umejikata?" wakaniuliza. "Kidogo tu."
Wizi ukazaa uongo,
na uongo ukaletewa dawa ya kupaka.
Nikabandika ukutani aya inayoikemea mizani ya hila;
mafuta yakairukia, baada ya mwezi haikusomeka.
Nikaomba: Bwana, kikate.
Mimi, mwenye visu saba vilivyonolewa.

Kisha siku moja, safarini kwenda kumzika shangazi,
jipu ilisimama penye kile kibanda cha njiani
kisichokuwa na muuzaji. Mwenyewe yuko shambani, mteremkoni.
Mafungu ya haradali, maboga mawili, kopo la pesa,
na kibao: chukua, weka, nenda salama.
Nikachukua fungu. Nikaweka noti mbili
na kidole kikaikunja ya tatu, kikairudisha mfukoni.
Pale! Pasipo mizani, pasipo jicho,
kwa mtu aliyeniamini kabla hajaniona.

Tulikwenda kona nne.
Katika ya tano nikamwambia dereva asimame.
Abiria waliguna, mmoja alinitukana waziwazi.
Nilirudi kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo,
kwa ajili ya rupia kumi.
Maziko yalinipita.

Jumamosi ile nikaigeuza mizani, uso wake kwa wateja.
Thangzuali alipofika na kikapu chake nikamwambia yote,
gramu kwa gramu, sauti ikinikwama kama mfupa.
Akanyamaza. Akachagua mbavu.
"Najua," akasema. "Nyumbani nina mizani ya kupimia sufi.
Kila Jumamosi napima, halafu nakuombea."
"Miaka yote?"
"Si yote. Mwingine nilikulaani tu."

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mimi muda wote nilikiachia kimoja
kijivunje chenyewe, gizani, peke yake.

Sasa anakuja mapema, kabla ya wengine,
anasimama kando kama mtu anayeota moto.
Haniambii neno la dini.
Mara nyingine ananilaumu bei.

Msiniulize kama nimepona.
Leo asubuhi kidole kiliinuka.
Nilikiona kikiinuka, na hilo ni jipya,
kwa maana zamani nilikikuta kimekwisha fika.
Kikasita hewani, nusu inchi, juu ya kitanga.
Thangzuali akakohoa; pengine ni baridi tu.
Nikakipa jani pana la kufungia nyama
na kamba ya mwanzi.
Kikafunga fundo. Kikangoja.
Nikakipa jani jingine.